Mjukuu Wangu Italia, Kiti Changu Bertrams

Jumatatu, 13 Mei 2024

Mjukuu wangu yuko Ravenna. Nairudia sentensi hii kwa sababu imekaa vizuri. Mjukuu wangu yuko Ravenna.

Shekinah ni mtoto wa binti yangu Jeanne. Anasoma historia ya sanaa katika chuo kikuu cha hapa Johannesburg, na muhula huu wamempeleka Italia, katika mji wa Bologna. Walitafuta mmoja katika darasa lake. Wakampata yeye. Siku zenye vipindi husoma. Siku zisizo na vipindi hupanda treni kwenda kutazama miji ya kale. Treni anapanda yeye. Ratiba napanga mimi, nikiwa hapa Bertrams, kwenye kochi.

Haki ninayo. Nilipokuwa mwanafunzi Uvira, padri mmoja Mwitaliano alitundika kalenda darasani, kila mwezi na mji wake. Mwaka ulikwisha, kalenda ikabaki. Niliijua miji ile kabla sijaijua mito ya Kongo. Januari Padova, Februari Pisa, Machi Ravenna, Aprili Siena. Shekinah anaizuru kwa mpangilio huohuo. Amelalamika kwamba Padova iko kaskazini, Pisa magharibi, Ravenna mashariki, na kwamba anakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo. Nimemjibu kwamba kalenda ni kalenda.

Leo ameandika kwamba aliingia katika jengo dogo la matofali, nje halina lolote, ndani dari lote ni buluu na nyota za dhahabu, vijiwe vidogovidogo vilivyopangwa kwa mkono. "Babu, nilisahau kufunga mdomo." Nikamuuliza kama koti alilifunga. Hakujibu. Nadhani ni mtandao.

Jumapili ni Pentekoste. Kanisani kwetu, kila Pentekoste, mzazi mmoja aliyeinuliwa na mtoto wake hutoa neno la mzazi. Kwa ibada nzima mzazi huyo huketi mbele, kando ya mchungaji, kwenye kiti chenye mikono. Ibada yetu ni ndefu. Mwaka jana alikikalia jirani yangu Théodore, kwa sababu mwanawe Chris anafanya kazi benki, kule Sandton, na ana gari. Aliegemea kama mtu aliyezaliwa humo.

Mwaka huu kiti ni changu. Mzazi halisi wa Shekinah ni Jeanne, najua. Lakini Jeanne nimemzaa mimi. Baraza la wazee litaamua Jumamosi.

Jumanne, 14 Mei

Fedheha.

Nimekwenda kwa Mama Célestine, mkuu wa akina mama, ambaye baraza zima humtazama usoni kabla ya kuamua jambo. Nilimweleza Ravenna kwa utulivu, tangu mwanzo. Alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alinisikiliza bila kusimamisha mchi. Kisha akasema, "Papa Mwalimu, gari la Chris tumelipanda. Limenifikisha hospitali na magoti yangu haya. Hiyo Italia ya mtoto wako, nani ameipanda?"

Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Nikasema kwamba mji haupandwi. Wakacheka zaidi. Mmoja akaniuliza kama Italia ina nafasi nyuma ya kuweka mizigo.

Nilirudi kwa miguu. Nilipofika kwenye taa za barabarani, ambazo hapa hata watu wazima huziita robot bila aibu, gari likasimama kando yangu. Chris anaendesha, Théodore ameketi kama waziri. Nyumba ya Théodore iko mtaa unaofuata. Akashusha kioo. "Mwalimu! Italia kwa miguu?" Nilitazama mbele. Taa ilikuwa imeniruhusu kuvuka lakini sikuvuka, asije akadhani ninakimbia. Nilisubiri mpaka waondoke. Nikasubiri tena, kwa sababu sasa taa ilikuwa imenikataza.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Uchaguzi umekaribia; kila nguzo ina uso wa mgombea. Watu hawa hawajampandisha gari mtu yeyote wa Bertrams. Hata hivyo kila mpita njia anawajua. Kwa nini? Kwa sababu anawaona!

Fulana. Familia nzima, Jumapili, na uso wa Shekinah vifuani. Italia haitapandwa, lakini itaonekana. Itapita katikati ya viti mpaka mbele.

Ni siri. Jeanne asijue. Jeanne ana tabia ya kuuliza maswali.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda Marshalltown, kwa kijana anayechapa picha kwenye fulana. Anaitwa André, mtu wa kwetu, ana mashine yake nyuma ya duka la simu. Nilimpa picha iliyochaguliwa. Ni ile ya Pisa. Shekinah amesimama wima, koti limefungwa hadi shingoni, mikono imeshuka, uso haucheki. Mimi ndiye niliyemwagiza asicheke. Majengo yale yamesimama karne nyingi, hayachekelewi.

Tatizo lilikuwa moja: mnara. Umeinama. Ulikuwa umeinama hata kwenye kalenda ya padri, na ulinikera tangu utoto. Nikamwambia André kwamba jengo lililoinama halionyeshwi kanisani, aliondoe. André akasema, "Papa, mji huu watu wanaujua kwa huu mnara." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuusahihisha. Akajaribu kuunyoosha. Mnara ukasimama, Shekinah akainama. Akamnyoosha Shekinah, mnara ukainama. Mwishowe tukaukata. Mahali pake akaweka mawingu.

Sasa picha imetulia. Mtoto, marumaru nyeupe, anga.

Akanionyesha mapambo ya pembeni: taji, mipira, maua, njiwa. Nikachagua njiwa. Ni Pentekoste! Fulana nyeusi, kwa sababu nyeusi haionyeshi uchafu na Damien, mkwe wangu, hula bila uangalifu. Chini ya picha, jina lake kamili. Chini ya jina, 2003, mwaka aliozaliwa, ili Théodore aone umri wake, kisha kistari, kisha 2024, ili aone amefika huko mapema kiasi gani. Herufi za dhahabu.

André akaniuliza zinahitajika lini. Nikasema Jumapili, kanisani. Akaweka mkono kifuani. Akasema zitakuwa tayari Ijumaa hata kama atakosa usingizi. Vijana wenye heshima bado wapo.

Alhamisi, 16 Mei

Jeanne amerudi kutoka saluni na swali. Saluni yake iko Marshalltown. Muuza samaki mmoja amemwambia kwamba jana aliniona huko. Nikasema nilikwenda kunyoosha miguu. Akasema kuna miguu inayonyooshwa hapahapa Bertrams. Nikajifanya ninasali.

Damien nimemwingiza katika mpango. Ni mlinzi wa usiku, hulala mchana, na hana kawaida ya kubisha. Nilimweleza yote kando ya kitanda chake. Alitikisa kichwa akiwa amefumba macho. Nalichukulia hilo kuwa kibali.

Shekinah anakwenda Siena Jumamosi. Ameniomba jambo la ajabu. Anataka kwenda Siena bila picha, bila maagizo, akakae tu. Akae tu! Padri wetu alisema kwamba uwanja wa Siena umeteremka kama ganda la kombe na kwamba mtu anapaswa kuutazama akiwa amesimama juu, upande wa chemchemi. Nimemtumia maagizo ya Siena, sehemu ya kwanza.

Jeanne alikuwa anasoma begani kwangu. "Papa, mwache mtoto apumue." Nikamwambia kwamba kupumua sikukutaja popote.

Ijumaa, 17 Mei

Fulana zimetoka. Nzuri kupita kiasi!

Herufi za dhahabu zinang'aa. Njiwa wanaruka kutoka kwenye mabega ya Shekinah. André amenizidishia fulana moja, bure, na alipoikunja hakuniangalia. Akasema, "Alikuwa mrembo sana, papa." Nikamsahihisha: ni mrembo. Akainamisha kichwa. "Ndiyo, papa. Ni mrembo." Nilipenda jinsi alivyopokea sahihisho. Wanafunzi wangu wa Kalemie walikuwa wakibisha.

Nilirudi nimeitandaza moja mkononi, picha juu. Akina mama wanaouza nyanya kando ya barabara walinyamaza nilipopita. Mmoja alivua kofia. Hiyo ndiyo nguvu ya elimu.

Fulana nimezificha chini ya kitanda changu. Nimemtumia Shekinah maagizo ya Siena, sehemu ya pili.

Jumamosi, 18 Mei, alasiri

Ushindi! Ushindi mtupu! Naandika haraka, wageni wananisubiri.

Asubuhi nilituma picha ya fulana katika kundi la simu la kanisa. Bila neno hata moja. Kisha nikazima simu. Huu ni mkakati: mtu anayetafutwa na asipatikane, thamani yake hupanda. Kabla ya kuzima nilimtumia Shekinah sehemu ya tatu na ya nne.

Damien aliamka, akavaa fulana yake, akaenda spaza, duka dogo la mtaani, kununua mkate. Alichelewa sana na akarudi bila mkate, macho mekundu. Alisema kila mtu njiani alimkumbatia. Mwenye duka alitoka nje akamshika mikono yote miwili. Walimuuliza, "Ni mwanao kweli?" Akajibu, "Ndiyo, ni mwanangu," na hakuweza kuendelea, kwa sababu alikuwa hajalala vizuri na watu walikuwa wema mno. Damien ana moyo laini. Alikwenda kulala tena.

Kisha wakaja. Kwanza vijana wawili wa kwaya na hema. Hema la baraza! Wakalisimamisha uani bila hata kuniuliza. Baraza halimpelekei hema mtu aliyeshindwa. Wakafuata akina mama na viti vya plastiki, masufuria, magunia ya mkaa. Wakaingia sebuleni, wakatoa kochi langu nje, wakatandika mikeka. Niliona ni utaratibu mpya wa kumheshimu mtoa neno. Nikawaelekeza mahali pa kuweka kochi.

Mama Célestine alinishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya vitunguu. "Papa Mwalimu. Sisi tuliocheka Jumanne, tusamehe." Nikamsamehe.

Lakini subiri. Théodore! Alikuja kwa miguu. Kwa miguu! Alinikumbatia akalia begani kwangu mpaka fulana ikalowa. Akasema mbele ya wote kwamba kiti ni changu, hakitaki tena, na kwamba maneno yale ya gari yatamchoma maisha yake yote. Sikutegemea kwamba angeshindwa kwa uzuri namna hii. Nilimpigapiga mgongoni. Nilisema gari nalo si kitu kibaya.

Wakaniomba niseme neno. Nikasimama chini ya hema, nikasema, nakumbuka kila sentensi: "Msilie. Mtoto wetu amefika mahali ambapo sisi tunapasoma vitabuni tu. Huko kila kitu ni marumaru. Hakuna vumbi, hakuna kelele. Yupo pamoja na wenzake wa mataifa yote. Mimi nilimwandaa tangu utoto wake aende huko, na ninyi mkijitahidi, watoto wenu nao watakwenda."

Vilio! Mama Célestine alijitupa mkekani. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe akasema huyu haendi popote. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona darasa likiguswa hivi. Sasa wanaimba, nyimbo za polepole. Nawarudia.

Siku hiyohiyo, baadaye

Sina la kuandika. Naandika.

Gari la Chris lilifika kwa kasi. Jeanne akashuka, kiatu kimoja mguuni, kitana bado mkononi. Wateja wake ndio waliomwonyesha picha ya fulana. Alinipigia, simu yangu imezimwa. Alimpigia Shekinah, simu imezimwa. Alimpigia Damien, Damien amelala. Chris ndiye aliyemwona analia barabarani.

Jeanne alitazama hema. Akatazama mikeka. Akaketi chini palepale langoni. Nilikimbia, nikamwambia ainuke, hii ni heshima yetu. Akanishika fulana kwa mikono miwili, mahali penye uso wa mtoto, akaniuliza Shekinah yuko wapi. Sauti ile sikuijua. Nikamjibu kwamba yuko Siena, kwa mujibu wa kalenda. "Papa. Yuko wapi?" Nikasema Siena. Nikasema yu mzima, ana nini cha kumfanya asiwe mzima? Mama Célestine akainuka mkekani taratibu. Akauliza, "Mzima namna gani?"

Hapo simu ya Jeanne ikaita. Ya picha. Shekinah mwenyewe, amejaa kioo kizima, jua usoni, aiskrimu puani.

Sijui nani alianza kukimbia. Viti vilianguka. Wanakwaya walipita chini ya hema upande usio na mlango. Théodore aliruka kochi langu, mtu wa umri wake, na aliruka vizuri. Mama mmoja alibaki, akaikemea simu kwa jina la Yesu. Shekinah akasema, "Shikamoo, mama," na mama yule naye akaondoka.

Jeanne alikuwa anacheka na kulia na kupigapiga kioo cha simu kana kwamba ni shavu. Akamuuliza kwa nini alizima simu. Shekinah akasema, "Mama, Babu alikuwa amefika sehemu ya nne na bado ilikuwa asubuhi." Akazima. Akateremka katikati ya uwanja wa Siena, akavua koti, akalala juu ya matofali yaliyopashwa na jua, kama wanavyofanya watu wote kule. Akapitiwa na usingizi. Alipoamka alitazama mnara ukiwa juu yake na njiwa wakiuzunguka, na hakuna mtu aliyekuwa akimngoja popote. Akasema hiyo ndiyo siku yake ya kwanza Italia.

Jeanne akamwambia, "Lala tena. Lala mpaka uchoke." Kisha akanipa simu. Nikamuuliza mtoto kama matofali yale yalikuwa safi.

Baada ya hapo watu walirudi mmoja mmoja, wakanielezea. Kumbe katika jiji hili fulana nyeusi yenye picha, mawingu, njiwa na miaka miwili huvaliwa kuzika. Ningejuaje? Kwenye matanga siendi. Viti vyao vya plastiki vinaniumiza mgongo. Nilieleza kwamba njiwa walikuwa wa Pentekoste. Nilieleza kistari. Théodore alishika mlingoti wa hema, akacheka mpaka hema likatikisika. "Eish, Mwalimu! Umemzika mtoto kwa herufi za dhahabu!" Chris alilazimika kumkalisha.

Kwa kuwa wazee wote wa baraza walikuwepo, walikutana palepale, chini ya hema, uani kwangu, huku wakila wali uliopikwa kwa ajili yangu. Sikuitwa.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Nilivaa suti. Niliwahi kufika. Nilikwenda moja kwa moja mbele, kwa kuwa Théodore aliachia kiti mbele ya mashahidi, na tamko lililotolewa mbele ya mashahidi lina nguvu. Mama Célestine alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti. Nikamwomba auondoe. Akasema, "Kina mwenyewe." Nikasema ndimi. Akanitazama mpaka nikasogea.

Nilikalishwa nyuma ya nguzo. Kando ya nani? Théodore. Hata gari halikumsaidia.

Mchungaji akamwita Jeanne. Alikwenda na sketi yake ya kazini, hakuwa ameandaa chochote, akashika kipaza sauti kama anavyoshika kikausha nywele. Kisha akasema: "Jana kutoka Marshalltown mpaka hapa sikuwa na mtoto. Leo ninaye. Amelala juani kwenye matofali, na sikumwambia hata avae koti. Mkitoka hapa, wapigieni watoto wenu. Msiwaulize wamefika wapi. Waulizeni kama wanapumua." Akakaa.

Kanisa zima lilisimama. Chris alikuwa anapangusa miwani. Hata nguzo ilionekana imeguswa. Théodore alininong'oneza kwamba hajawahi kusikia neno la mzazi zuri kama lile, likiwemo la kwake. Alinipa peremende. Niliikataa. Baadaye niliila, kwa sababu ibada ilikuwa ndefu.

Nilipokuwa nyuma ya nguzo niliona mabega ya Jeanne juu ya kiti kile. Alikaa wima. Hakuegemea. Nani alimfundisha kukaa hivyo?

Kwa hesabu ya haki, kiti kimekuja kwetu.

Jumatatu, 20 Mei

Jeanne amezikata fulana zote vipande. Anavitumia saluni kufutia rangi ya nywele. Anasema vinafaa sana, havionyeshi madoa. Nilimkumbusha ni nani aliyechagua nyeusi. Alinitazama kama Mama Célestine.

Shekinah amenitumia picha, mimi peke yangu. Ni ya Siena. Nimewahi kuona picha mbaya, lakini hii! Mnara umekatwa juu. Jengo la halmashauri limekatwa chini. Koti halipo. Nywele zimeruka, mdomo uko wazi, anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana, na nyuma yake mtu asiyemjua amelala na kofia usoni. Chini ameandika, "Babu, Aprili ni hii."

Niliitazama muda mrefu. Kwenye kalenda ya padri uwanja ule haukuwa na mtu hata mmoja. Nilidhani ndivyo ulivyo.

Nimemwonyesha mwenye spaza. Nimewaonyesha watu waliokuwa kwenye foleni ya mkate, na mama aliyekuwa mbele yangu alinionyesha picha ya mwanawe aliyeko Durban, ambayo haikuwa na jengo lolote. Nilimfariji. Nilikwenda mpaka karibu na uwanja wa Ellis Park nikamwonyesha askari. Aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia kwamba mimi sijapotea. Mjukuu wangu yuko Siena, na hiyo inayokosekana hapo juu ni ncha ya mnara.

Jioni Shekinah ameandika kwamba Ijumaa anakwenda Roma. Kwenye kalenda Roma ilikuwa Desemba. Nimempa ruhusa. Tiketi alikuwa amekwisha kuinunua.

Jumanne, 21 Mei

Baraza limekuja nyumbani. Mchungaji, Mama Célestine, na wazee wawili. Nilidhani wamekuja kuchukua hema. Walikuwa wamekuja kunichukua mimi!

Mchungaji alianza kwa mbali, kama kawaida yake. Akasema kwamba Kamati ya Misiba haina mkuu tangu mwaka jana. Misiba yetu huanza ikiwa imechelewa, viti havitoshi, familia haijui izungumze nini, watu hawalii mpaka siku ya pili. Lakini Jumamosi! Hema lilisimama mapema. Wali ulitosha. Fulana zilikuwa tayari kabla ya mtu yeyote kufika. Na lile neno langu la marumaru, Mama Célestine alisema, amezika ndugu wengi na hajawahi kulia vile. "Kasoro yake ilikuwa moja tu, Papa Mwalimu. Marehemu hakuwepo."

Mkuu wa Kamati ya Misiba huketi safu ya mbele. Kiti chake hakina mikono, niliuliza. Lakini kina mto.

Nimekubali kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Kipaji hakifichiki. Watu wadogo waliona kosa Jumamosi. Baraza liliona mpangilio. Nimemwandikia Shekinah kwamba babu yake amepata cheo kwa sababu ya picha yake ya Pisa, na kwamba yale maagizo yaliyomchosha sasa yamezaa matunda. Amejibu kwa vichwa vingi vidogo vya manjano vinavyotoa machozi. Ameguswa.

Théodore amekuja kunipongeza. Kwa gari. Tulikunywa chai vizuri, bila matusi. Nilipomsindikiza alikohoa langoni, kikohozi cha chini, kizito. Nikamuuliza kimeanza lini. Akasema ni baridi tu. Umri ule, na baridi hii ya Mei! Nikamwomba kwa upole anipatie picha yake nzuri, amesimama wima, hacheki, gari likionekana lote.

Amekataa. Kesho nitamwomba Chris.